Jibu: Seneca ikiishiwa haidroliki angani, magurudumu yatashuka?

Yatashuka, mkuu, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Kwenye Piper Seneca, ndege ndogo ya injini mbili, hakuna ndoano ya kuyashikilia magurudumu juu. Yanabanwa na presha ya mafuta ya haidroliki tu. Presha ikiisha, yanaanza kuning'inia yenyewe. Kwa hiyo punguza mwendo hadi ule ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege yako, weka swichi ya magurudumu chini, kisha vuta nobu ya dharura. Presha iliyobaki inaachiwa, na uzito wa magurudumu yenyewe unayashusha. Fanya hivyo ukiwa bado na kimo cha kutosha, usingoje hadi uwe fainali, yaani mkondo wa mwisho wa kutua!

Usipoona mchana taa tatu za kijani zinazoonyesha magurudumu yameshuka na kujifunga, angalia kwanza kama umewasha taa za navigesheni (zile za nje za kuonyesha ndege ilipo), maana zikiwaka zile za kijani zinafifia hadi hazionekani. Breki zina tangi lake tofauti, hivyo hazitakuangusha.

Kuhusu kinga: ukiona pampu ya haidroliki inajiwasha kila mara angani, mshale wa kipimo cha umeme (ampea) ukirukaruka, ujue presha inavuja mahali. Mwambie fundi siku hiyohiyo. Na mafuta ya haidroliki ya Seneca ni yale mekundu ya aina ya 5606. Ya zambarau ya ndege kubwa yanaharibu sili zote, yaani vizuizi vya mpira vya kuzuia mafuta yasivuje.