Maswali na Majibu: Drams, Pambio na Ki Iliyopanda Mno

Tangu toleo lililopita, barua nyingi zilizofika mezani petu zinagusa jambo moja: nyimbo mpya za Kikristo, wanaozipenda na wanaozikimbia. Tumechagua sita. Majina hatuyaweki.

Bwana Yesu asifiwe. Vijana wameingiza drams na gitaa la besi ibadani. Nikihoji naambiwa hata Martin Luther alichukua nyimbo za vilabu vya pombe akazitia maneno ya Mungu. Ni kweli? Na mapigo haya si ya kidunia? – Mzee wa kanisa

Shikamoo, mzee. Tuanze na Luther, maana hapo vijana wamekupotosha bila kujua. Katika muziki wa Kijerumani lipo umbo la wimbo liitwalo Bar: kipande cha kwanza huimbwa mara mbili, kisha hufuata kipande cha pili chenye sauti tofauti. Nyimbo kadhaa za Luther zimejengwa hivyo. Watu wakasoma neno Bar, wakaona baa, na hadithi ikaota miguu. Kinachojulikana ni kwamba wimbo wake mmoja wa Krismasi, uliochapwa mwaka 1535, ulitumia sauti ya wimbo wa mitaani. Kufikia 1539 wimbo huohuo ulikuwa umechapwa kwa sauti nyingine.

Hata hivyo hoja yao haifi kabisa. Mwaka 1601 mtunzi wa Kijerumani Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa mapenzi, wa kijana aliyechanganyikiwa kwa ajili ya binti. Sauti ile ile leo inabeba mojawapo ya nyimbo nzito za Ijumaa Kuu, ule wa kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba, na hakuna anayeimba akamkumbuka yule binti. Sauti ya wimbo husahau ilikotoka, ila huchukua muda. Hapo ndipo hoja yako, mzee, ina nguvu: mapigo ambayo wiki hii yanapigwa kwenye kumbi za starehe bado hayajasahau. Mtu aliyetoka jana katika maisha yale anaweza kuvutwa nyuma nayo kweli, na Warumi 14 inamtaka mwenye nguvu amwangalie ndugu wa namna hiyo.

Lakini kusema mapigo fulani yenyewe ni ya shetani ni jambo jingine, na Maandiko hayakupi pa kusimama. Zaburi 150 inataja matari na matoazi yavumayo sana. Ugomvi huu nao ni wa zamani kuliko drams. Zwingli, kiongozi wa matengenezo ya kanisa huko Uswisi na mwanamuziki hodari wa vyombo vingi, alinyamazisha vinanda vya Zürich, na cha kanisa kuu kikavunjwa mwaka 1527. Geneva ya Calvin, kiongozi mwingine wa matengenezo hayo, iliimba zaburi kwa sauti moja tu, bila chombo. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza kanisani si ngoma na matoazi tu bali hata piano, chombo ambacho leo ndicho kinachoitwa cha heshima! Na hadi sasa makanisa mengi ya Kiorthodoksi na makutaniko ya Makanisa ya Kristo huimba bila chombo chochote. Kwa hiyo mwenye kinanda asimcheke asiyetaka drams. Yupo ambaye kwake kinanda chenyewe ndicho kimevuka mpaka.

Jumapili ijayo fanya hivi. Kaa benchi la nyuma, fumba macho, jaribu kuandika maneno ya ubeti wa pili. Ukishindwa kuyasikia, tatizo ni la fundi mitambo, wala si la theolojia, na linatibika: drams zisogezwe mbali na kona (kuta mbili zinapokutana huongeza mvumo wa besi), spika za kuwarudishia waimbaji sauti zipunguzwe, na mpiga drams atumie fimbo nyepesi. Ukiyasikia maneno vizuri na bado moyo unakataa, basi ongea na wazee wenzako kama suala la dhamiri. Usiliite kelele, maana vijana watapunguza sauti kidogo na kudhani wamemaliza.

Kijana wangu wa miaka kumi na sita anasikiliza nyimbo anazoita za kuabudu. Mimi nasikia "nakuhitaji, nishike, usiniache" mara ishirini. Ni za Mungu au za mpenzi? – Mama wa watoto watatu

Mama, usimnyang'anye simu kwanza. Mwombe wimbo mmoja anaoupenda zaidi, nawe chagua tenzi moja unayoipenda, kisha msikilize zote mbili kwa spika, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kukatiza. Baada ya hapo chukueni kalamu.

Andikeni maneno yote ya wimbo wake, kila mstari kwa mara yake ya kwanza tu. Usomeni kama sala, bila sauti ya muziki, maana muziki huficha mengi: kinanda kikipanda taratibu na drams zikaingia kwenye kiitikio cha tatu, hata orodha ya sokoni ingekutoa machozi. Kisha pigieni mstari kila kitenzi na kuuliza anayetenda ni nani. "Nakuja, nainama, nalia, nahisi" ni mimi. "Uliumba, ulinikomboa, ulifufuka" ni yeye. Wimbo ambao vitenzi vyote ni vya "mimi" si lazima uwe mbaya, ila ni mwembamba, na mtu akila wa namna hiyo tu kwa mwaka mzima imani yake itakuwa na afya ya hisia zake: zikipanda inapanda, zikishuka inashuka. Mwisho mpe karatasi mtu asiyeujua wimbo umuulize anaimbiwa nani. Akijibu "mchumba", kijana wako mwenyewe atacheka, na hapo somo limeingia bila hotuba.

Tunakuonya lakini usikaze kipimo kuliko Biblia yenyewe. Kitabu cha Esta hakimtaji Mungu hata mara moja. Kurudia nako si kosa: Zaburi 136 inarudia kiitikio chake mara 26. Angalia tu tofauti, kwamba pale kila mara kabla ya kiitikio linasemwa jambo jipya, kuumbwa kwa mbingu, Bahari ya Shamu, wafalme walioangushwa. Kinachorudiwa kina kitu cha kushikilia.

Sisi kinachotusumbua zaidi katika nyimbo nyingi za sasa si mapenzi, ni furaha isiyokoma. Zaburi 13 inauliza "hata lini" mara nne, na Zaburi 88 inaishia gizani bila kufarijiwa. Kijana aliyefiwa au aliyefeli mtihani anahitaji wimbo wa aina hiyo. Muulize kama anao hata mmoja kwenye orodha yake. Huenda tenzi yako ikapata kazi.

Je, ni dhambi kuwasha nyimbo za ibada wakati wa kuosha vyombo au kwenye foleni? – Dada wa kwaya

Hapana. Ila kusikiliza si kuabudu, kama vile kuacha redio ikisoma habari si kufuatilia habari. Siku unayotaka kuabudu, zima, uimbe mwenyewe.

Mimi ni kiongozi wa sifa. Tunajifunza nyimbo mpya vizuri kabisa, bendi iko sawa, lakini waumini wanasimama wametutazama tu. Wazee wanasema ni kwa sababu nyimbo hazina upako. – Kiongozi wa sifa

Kabla ya upako, pima ki, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Nyimbo nyingi zinazorekodiwa zimepangwa kwa mwimbaji mmoja mwenye sauti ya juu, aliyezoezwa, anayetaka kiitikio kilipuke. Mkusanyiko wa watu wa kawaida huimba kwa raha kuanzia A ya chini, kupita A inayofuata (oktava moja juu), hadi D iliyo juu yake. Ukipita hapo wanaume hunyamaza au huguna oktava ya chini, na wanawake wengi huhisi wanapiga kelele. Nao hawatakuja kukuambia, watakutazama tu.

Chukua mfano wa wimbo ulio katika B ambao noti yake ya juu kabisa ni F#. Hesabu kwenye kinanda kutoka F# kushuka hadi D: nusu-toni nne (nusu-toni ni hatua ya kitufe kimoja, cheupe au cheusi). Ukishusha nne, wimbo unakuwa G. Usiishie hapo, kaangalie noti ya chini kabisa. Kama ubeti unaanzia B ya chini, sasa umezama hadi G, chini ya A, na akina mama hawataisikia sauti yao wenyewe. Basi shusha mbili tu, uwe katika A: juu inafika E, chini inakaa kwenye A. E hiyo inavumilika ikiwa inapitiwa haraka. Ikiwa inashikiliwa kwa mapigo manne kila kiitikio, wimbo huo ni mpana mno kwa mkutano, waachie waimbaji waliozoezwa wauimbe kama wimbo maalumu. Si aibu. Zipo nyimbo za kusikilizwa na zipo za kuimbwa na watu wote, na nusu ya ugomvi wa nyimbo mpya unatokana na kuzichanganya.

(Mpiga kinanda akitumia kitufe cha transpozi, yaani cha kuhamisha ki, akirudishe sifuri wimbo ukiisha. Wimbo unaofuata ukianza huku gitaa liko A na kinanda kiko G, hakuna upako utakaousaidia.)

Jambo la pili ni wingi. Usilete zaidi ya wimbo mmoja mpya kwa ibada. Wiki ya kwanza waimbaji waimbe ubeti na kiitikio peke yao, kisha wote warudie. Uimbwe tena wiki mbili zinazofuata mfululizo, upumzike moja, urudi. Waongozaji wengi huchoka na wimbo wiki ile ile ambayo waumini ndiyo wanaanza kuushika, kwa sababu wao wameshaufanyia mazoezi mara kumi.

Tatu, yale mapambo ya kwenye rekodi: kuingia kabla ya pigo, kuvuta neno, kubadilisha sauti kila ubeti. Kiongozi aimbe sauti ya kwanza ilivyo, kila mara vilevile, mapambo ayaachie wa sauti ya pili na ya tatu. Na kabla ya kiitikio cha mwisho simamisha vyombo vyote, watu waimbe wenyewe. Mtu asiposikia sauti ya jirani yake hudhani anaimba peke yake, akanyamaza.

Nimesikia kwamba nyimbo tunazoimba zimetungwa na kanisa lenye mafundisho tusiyoyakubali. Nyingine ni za mwimbaji aliyepatwa na kashfa. Tuziache? – Katibu wa kamati ya ibada

Mkiamua kuacha kila wimbo wa mtunzi msiyekubaliana naye, anzeni na kitabu cha tenzi. "Karibu na Wewe", unaoimbwa kwenye mazishi mengi, maneno yake ya asili ni ya Sarah Flower Adams, Muunitaria, yaani wa kundi lisilokiri Utatu. Wimbo hauna kosa hilo ndani yake, nao umedumu tangu 1841. Kwa hiyo swali la kwanza ni maneno yaliyomo, na kipimo tulichompa yule mama kinatosha.

Lakini wimbo wa mtunzi aliye hai una mambo mawili ambayo tenzi haina. Mojawapo ni njia: kijana akiupenda ataufuata mtandaoni hadi kwenye mahubiri ya hukohuko. Jingine ni fedha, maana leseni na kusikilizwa kwa nyimbo humlipa mwenye nazo. Kama mafundisho hayo ni jambo mnaloonya watu waziwazi mimbarini, ni ajabu kuyachangia kwa wimbo wa kufungulia ibada. Kama ni tofauti ndogo, imbeni. Andikeni uamuzi na sababu yake katika kumbukumbu za kamati, la sivyo mwakani katibu mpya ataanzisha mjadala uleule.

Kashfa ina sheria yake. Akiwapo kati yenu mtu aliyeumizwa na jambo la namna ile, wimbo huo utamchoma hata maneno yakiwa safi. Wekeni pembeni, bila tangazo. Nyimbo hazijaisha.

Baba watoto huwavalisha watoto hedifoni wasikilize nyimbo za Injili safarini, sauti juu kabisa. Nikilalamika anasema nyimbo za Mungu haziwezi kuwadhuru. – Mama wa watoto wawili

Sikio la ndani halipambanui maneno, linapokea mtikisiko tu. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hukatwa nusu: kwa mtoto, 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5, 87 ni saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Safari moja ndefu inamaliza.

Kwenye mipangilio ya simu nyingi mna sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Kiweke asilimia 60, ufunge kwa namba ya siri usiyompa baba yao. Hedifoni ziwe za kufunika sikio zima, kwa sababu zile zinazovuja huwafanya watu waongeze sauti ili kushinda muungurumo wa gari. Mwite mtoto kwa sauti ya kawaida ukiwa umbali wa mkono mmoja. Asipogeuka, punguza. Na akilalamika kwamba masikio yanavuma baada ya kuvua, asivae tena siku hiyo wala kesho yake, na mvumo ukiendelea zaidi ya siku mbili mpeleke kwa daktari wa masikio.