Kwa nini fedha nyingi za kiwanja cha kambi huzama ardhini

Ndugu muuliza swali, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Umesema kijiji chenu kimetenga ekari 10 kando ya mto, chini ya kilima, kwa ajili ya kiwanja cha kupigia kambi pamoja na sehemu ya mapumziko ya wananchi. Mhandisi mliyemwita amewaletea makadirio ambayo zaidi ya nusu yake ni mitaro, kujaza na kushindilia udongo, maji safi na maji taka, ilhali ninyi mlitarajia gharama kubwa iwe kwenye vibanda, geti na jiko. Umeuliza kama mnaibiwa, kwa sababu kambi ya mahema, kwa maneno yako, ni kufyeka nyasi na kuchimba choo. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi kwa mwaka wa 17 sasa, na nimeshiriki kujenga viwanja vinne vya namna hiyo katika mikoa ya Arusha na Manyara, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu. Sijayaona makadirio yenu, na bei ya kila kipengele mnapaswa kuihakiki kwa mtu mwingine, lakini mgawanyo huo haunishangazi hata kidogo.

Nyumba ina msingi, ina sakafu iliyonyanyuliwa, ina paa lenye mlizamu. Hema halina hata kimoja kati ya hivyo. Mtu analala juu ya ardhi yenyewe, sikio lake likiwa sentimita chache tu kutoka kwenye udongo, na kosa ambalo msingi wa nyumba ungelisitiri linamfikia mgeni usiku uleule. Kazi ambayo kwenye jengo ingefanywa na zege na nondo, kwenye kambi inafanywa na mteremko wa ardhi, aina ya udongo na mtaro.

Jambo la kwanza ambalo mhandisi wenu anapaswa kulijibu ni kama ekari hizo zinafaa kulaliwa na watu. Eneo la tambarare chini ya kilima, lenye miti ya kivuli na udongo laini, huvutia kuliko yote, na mara nyingi limekuwa tambarare kwa sababu korongo lililo juu yake limekuwa likimwaga mchanga na mawe hapo kwa karne nyingi. Jioni ya tarehe 7 Agosti 1996, huko Biescas, kaskazini mwa Hispania, mvua kubwa ilishusha maji, mawe na magogo kutoka korongo la Arás hadi kwenye kambi ya wapiga hema iliyojengwa juu ya ardhi ya namna hiyo, na watu 87 wakafariki. Korongo lile lilikuwa tayari limejengewa kuta za kuzuia mawe na mfereji wa kupitishia maji, na vyote vilizidiwa. Huko Arkansas, Marekani, usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 2010, Mto Little Missouri ulijaa wakati watu wamelala katika kambi ya Albert Pike, na 20 wakapoteza maisha. Jirani zetu wa Kenya walipata onyo mwanzoni mwa Mei 2024, Mto Talek ulipofurika na kuingia kwenye kambi za watalii za Maasai Mara, hata wageni wakaokolewa kwa helikopta. Mtu aliye ndani ya nyumba husikia maji mlangoni na kupanda juu ya meza, lakini aliye ndani ya hema hupata habari godoro likiwa limeshalowa, tena gizani, mahali asipopajua.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naomba msiuchukulie umbali huo kuwa kinga kamili, kwa sababu unapimwa kwa ulalo, na maji huangalia kimo. Katika kiwanja kimoja upande wa Manyara, nilikuwa nimesimama mita 90 hivi kutoka mtoni, nikiwa na ramani mkononi na nimeridhika kabisa, nilipoinua macho nikaona majani makavu na kipande cha mfuko wa plastiki vimenasa kwenye matawi ya mgunga, juu kidogo ya kichwa changu. Hakuna mtu aliyevitundika pale. Tuliuhamishia mpango wote wa mahema upande wa juu, na sehemu ile ya chini tukaiacha iwe uwanja wa mpira na meza za kula mchana, matumizi ambayo huisha kabla ya usiku.

Baada ya mto, fikirieni mvua inayoanguka juu ya kiwanja chenyewe. Ekari 10 ni takriban hekta 4. Mvua ya kasi ya milimita 60 kwa saa, ambayo kwetu wakati wa masika si ya ajabu, huangusha juu ya eneo hilo meta za ujazo 2,400 katika saa moja. Pakiwa na nyasi na vichaka, huenda asilimia 30 tu ya maji hayo, yaani lita 200 kwa sekunde, yakatiririka na mengine yakanywewa na ardhi. Mkishafyeka, mkapitisha greda, mkashindilia njia na maegesho na kuezeka mapaa ya bati, asilimia hiyo inaweza kufika 50, na maji yanayotafuta njia yakawa zaidi ya lita 330 kwa sekunde, kabla hamjahesabu yanayoshuka kutoka kilimani. Ongezeko hilo mmelitengeneza ninyi kwa ujenzi wenu, na jirani aliye chini yenu ndiye atakayelipokea shambani mwake msipolipangia njia. Kwa hiyo mtakuta kwenye makadirio makinga maji upande wa juu wa kiwanja, yanayoyakamata maji ya kilimani na kuyazungusha pembeni, mitaro ya ndani iliyojengewa mawe pale penye mteremko mkali, na makalavati kila njia inapokatisha mtaro. Makalavati hayo yasiwe na kipenyo chini ya milimita 600 hata kama hesabu ya maji inaruhusu madogo, kwa sababu dogo likishajaa tope hakuna koleo litakalofika katikati yake, na tangu siku hiyo barabara inageuka kuwa bwawa.

Sehemu ya kusimamishia hema nayo hujengwa, ingawa ikimalizika vizuri mgeni haioni. Sisi tulitumia jukwaa la mita 4 kwa 4 lililonyanyuliwa sentimita 15 kwa moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, juu yake tabaka jembamba la mchanga mchanganyiko ili vigingi vya hema viingie, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Mteremko ukipungua hapo maji hutuama chini ya turubai, na ukizidi sana mtu huamka akiwa amejikunyata upande mmoja wa hema. Sentimita 8 kutoka ukingo hadi ukingo huwezi kuzikisia kwa macho. Tulizipima kwa kamba na levo (kifaa cha kupimia usawa), jukwaa kwa jukwaa, yote 36, na vijana walionisaidia waliona nasumbua watu bure mpaka ilipokuja mvua ya kwanza.

Sasa nifike kwenye maji taka, ambako nimeumia mwenyewe. Katika kiwanja changu cha pili tulijenga kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi hata mguu wa mbuzi ukazama kwenye ufa. Mwenye mradi alikuwa na haraka ya kufungua kabla ya Pasaka, na kipimo cha unywaji wa maji ardhini tulikifanya mwezi wa Septemba. Nilichimba shimo la kipimo, nikamimina ndoo ya maji, yakatoweka kabla sijashika kalamu. Nikamimina nyingine, ikatoweka vilevile. Nikaandika kwenye daftari kwamba udongo unanyonya vizuri sana, na kwa hesabu hiyo tukachimba mashimo mawili tu ya kupokea maji kutoka kwenye tangi la maji taka. Maji yale yalikuwa yakikimbilia ndani ya nyufa. Udongo wenyewe haukuwa umenywa hata tone. Masika ilipoingia udongo ulivimba, nyufa zikajifunga, na ardhi yote ikawa kama sahani ya kauri. Jumapili ya Pasaka, kiwanja kikiwa na watu wanaokaribia 200, mfuniko wa chemba iliyo nyuma ya jiko ulianza kucheza, kisha ukanyanyuka taratibu, na maji meusi yakatambaa kwenye nyasi kuelekea mahali ambapo akina mama walikuwa wametandika mikeka na watoto wanacheza. Nilishika sepeto nikakata mtaro wa kuyageuza huku naona aibu ambayo mpaka leo sijaizoea. Hakuna aliyeugua ninayemjua, lakini kiwanja kilifungwa, na kutengeneza upya kuligharimu kuliko ujenzi wa kwanza wa mfumo ule.

Tangu siku hiyo shimo la kipimo nalijaza maji na kuliacha limejaa usiku kucha, na kwenye udongo wa mbuga naliongezea maji siku mbili au tatu mpaka udongo uvimbe kabisa, ndipo naanza kupima maji yanashuka kwa kasi gani. Chukueni mfano wa kiwanja chenu. Watu 100 wakitumia lita 50 kila mmoja kwa kuoga, kupika na choo ni lita 5,000 kwa siku, na tuseme 4,000 zinaishia kwenye mfumo wa maji taka. Kwenye udongo tifutifu wa kichanga, mita moja ya mraba ya ukuta wa shimo hunywa kama lita 25 kwa siku kwa muda mrefu, kwa hiyo mnahitaji mita za mraba 160. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita za mraba 19 hivi, maana yake ni mashimo 8 au 9. Ndiyo maana wahandisi wengi huchagua mitaro mirefu isiyo na kina iliyojazwa kokoto, yenye bomba la matundu juu yake, ambayo kwa mfano huu itafika urefu wa mita 130 hivi. Kwenye mfinyanzi, unywaji hushuka chini ya lita 10, na hapo ni afadhali kuacha kabisa vyoo vya kuvuta maji na kujenga vyoo vikavu vya shimo vyenye bomba la hewa, ambavyo vikijengwa kwa uangalifu havinuki wala haviiti nzi. Kwa vyovyote vile, shimo likae walau mita 30 kutoka kisima chochote, na kitako chake kibaki walau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, yakipimwa yakiwa yamepanda mwishoni mwa masika.

Juu ya maji safi nitasema machache. Kama mtachimba kisima katika ukanda wetu wa kaskazini, yapelekeni maji maabara kabla hamjalipia pampu, kwa sababu floridi kwenye maeneo yanayozunguka Mlima Meru na Bonde la Ufa mara nyingi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Kama tembo hupita kwenu, mabomba yafukiwe chini sana na tenki lizungushiwe mawe makubwa, maana mnyama huyo akishajua yalipo maji hakuna uzio wa mbao utakaomzuia.

Kuhusu barabara za ndani, kataeni kabisa ushauri wa kuzichonga zikae chini ya usawa wa ardhi ili zionekane safi. Barabara iliyochongwa ndani hugeuka mto msimu wa kwanza. Inyanyuliwe kwa moramu, ipewe mgongo ili maji yaanguke pande zote mbili, na iwe ya mzunguko wa kuelekea upande mmoja ili basi dogo la shule lisilazimike kurudi nyuma katikati ya watoto. Na miti ile mikubwa mliyoisifia, iwekeeni uzio wa kamba kabla greda halijaingia, ufike hadi mwisho wa kivuli chake. Greda likishindilia udongo juu ya mizizi, au likirundika kifusi shinani, mti hauanguki siku hiyo, unakauka polepole miaka miwili au mitatu baadaye, na hakuna anayekumbuka chanzo. Niliupoteza mkuyu mmoja hivyo, na kivuli chake ndicho kilichokuwa sababu ya watu kuchagua mahali pale.

Kabla ya kikao chenu na mhandisi, tembeeni eneo lote pamoja na wazee wawili au watatu waliokuwa wakichunga hapo wakati wa mvua za El Niño za 1997/98. Bebeni vigingi na nyundo, na kila mahali watakapoonyesha kwamba maji yalifika, pigeni kigingi kabla hamjapiga hatua nyingine. Kisha mwombeni mhandisi avipime vigingi hivyo kwa levo na kuviingiza kwenye ramani yake. Mstari huo ukipita katikati ya sehemu ya mahema, makadirio yote yanarudi mezani. Mkikuta alikwisha kuuchora kabla hamjamwambia, mlipeni kazi yake.