Dau linaloongoza ni deni: kanuni za kugombania wachezaji huru katika ligi ya besiboli ya kompyuta

Ligi ya besiboli ya kompyuta huvunjika kipindi cha usajili. Msimu umekwisha, mikataba imemalizika, wachezaji huru wamejaa sokoni, na mameneja 12 walioko Unguja na Pemba wote wanamtaka mrushaji yule yule. Saa tatu usiku inafika. Mmoja anasema dau lake limeingia kabla ya muda, mwenziwe anasema limechelewa, na kanuni iliyoandikwa ni mstari mmoja tu: "Mwenye dau kubwa anachukua." Kubwa kwa kipimo gani? Mshahara wa mwaka au mkataba mzima? Na saa tatu ya simu ya nani?

Hesabu za hapa ni za ligi ya timu 12 inayotumia programu kama Out of the Park Baseball (mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu), kikosi cha wachezaji 26 (kama MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, tangu 2020) na kikomo cha mishahara cha dola milioni 100 kwa kila timu. MLB yenyewe haina kikomo cha namna hiyo. Timu ikivuka kiwango hutozwa kodi. Ligi ya marafiki haina pa kupeleka kodi, basi wekeni ukuta. Dola zenyewe ni za mchezoni tu. Mkianza kuchangishana shilingi ili mshindi azoe, mmeingia kwenye kamari, na hapo kanuni za dau si tatizo lenu kubwa tena.

Programu ina utaratibu wake wa usajili: kila meneja anatuma ofa, msimamizi wa ligi anasogeza mbele siku ya mchezoni, na mchezaji wa kompyuta anachagua mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba huoni wenzako wametoa nini, na mchezaji anaweza kukukataa kwa sababu usizozijua. Ndiyo maana baadhi ya ligi hufanya mnada nje ya programu, kisha msimamizi akaingiza mkataba kwa mkono.

Mnada wa wazi sote tunaujua. Ukienda Malindi au Tumbe unakuta samaki wamepangwa chini, dalali anapaza bei, na anayemtaka nguru anaona kwa macho yake mwenzake amefika wapi. Uzuri wake ni kwamba unalipa hatua moja tu juu ya mshindani wako, hulipi woga wako. Lakini ule wa samaki unakwisha upesi kwa sababu wanunuzi wote wamesimama pale na samaki haingoji. Mameneja wako makazini, baharini, skuli, na wengine bando limekwisha. Mnada wao lazima uende kwa saa, na hiyo saa ndiyo inayoleta ugomvi.

Mnada wa bahasha, ambapo kila mtu anaandika dau lake kwa siri na yote yanafunguliwa pamoja, unaondoa tatizo la saa na kuleta jingine. MLB waliwahi kuutumia kwa wachezaji waliokuwa bado na mkataba Japani. Mwaka 2000 Seattle Mariners walishinda haki ya kuzungumza na Ichiro Suzuki kwa dola milioni 13.125. Mwaka 2006 Boston Red Sox walitoa milioni 51.11 kwa ajili ya Daisuke Matsuzaka, na hiyo ilikuwa haki ya mazungumzo tu. Mkataba wa mchezaji ulikuwa juu yake, milioni 52 kwa miaka sita. Utaratibu huo ukabadilishwa 2013. Kasoro ya bahasha iko kwenye hesabu yenyewe: watu kumi wakikisia thamani ya kitu kimoja, anayeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote, yaani mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi.

Kwa hivyo tumieni yote mawili, kila moja mahali pake. Wachezaji wakubwa wa kipindi cha mapumziko waende mnada wa wazi. Wale wadogo wa katikati ya msimu, wanaotafutwa kwa sababu mdakaji wako ameumia kidole, waende bahasha mara moja kwa wiki, na mshindi alipe bei ya wa pili pamoja na hatua moja. Timu A ikiandika milioni 9.2 na timu B milioni 7, A inachukua kwa 7.5 (hatua ikiwa nusu milioni). Hapo hakuna haja ya kuotea mwenzako ataandika nini. Unaandika thamani unayoiamini. Sharti lake ni kwamba bahasha zote zitangazwe baada ya kufunguliwa, hata zilizoshindwa. Zisipotangazwa, hakuna anayejua kama huyo wa pili alikuwepo kweli.

Sasa kipimo. Mkipima kwa mshahara wa mwaka peke yake, dau la milioni 10.1 kwa mwaka mmoja litampiga aliyetoa milioni 10 kwa miaka mitatu, na kila mchezaji atarudi sokoni kila mwaka. Mkipima kwa jumla ya mkataba, mjanja atatoa milioni 6.1 kwa miaka mitano, jumla 30.5, ampokonye yule wa 30, na nyota atakuwa analipwa mshahara wa mchezaji wa akiba. Dawa ni kuupa kila mwaka uzito unaopungua: mwaka mmoja zidisha kwa 1, miwili kwa 1.8, mitatu kwa 2.4, minne kwa 2.8, mitano kwa 3. Mshahara wa mwaka kwa milioni, mara uzito, ndiyo pointi za dau.

Tazama inavyofanya kazi. Milioni 10 kwa miaka mitatu ni pointi 24. Hatua ya chini ikiwa asilimia 5, anayetaka kupanda lazima afike 25.2. Akitaka miaka miwili, atalipa milioni 14 kwa mwaka. Akitaka mitano, milioni 8.4. Wa kwanza anabeba mzigo wa milioni 28 ulio mfupi na mzito, wa pili milioni 42 zinazomfuata hata mchezaji akizeeka. Wote wana haki ya kushinda, na kila mmoja amelipia alichokichagua.

Wekeni na mpaka wa umri: aliyefika miaka 33 asipewe zaidi ya miaka miwili. Programu huwazeesha wachezaji, na warushaji huumia viwiko. Anayefanyiwa upasuaji wa kiwiko uitwao Tommy John hukaa nje kwa mwaka au zaidi. Meneja aliyempa mtu kama huyo miaka mitano huwa hasubiri aone mwisho wake. Hutoka kwenye ligi, na deni huachiwa mgeni.

Mshahara uwe sawa kila mwaka. Msiruhusu malipo ya kusogezwa mbele hata kidogo. Shohei Ohtani alisaini na Los Angeles Dodgers Desemba 2023 kwa dola milioni 700 za miaka kumi, na milioni 680 kati ya hizo zitalipwa 2034 hadi 2043. MLB ina mawakili na wahasibu wa kuupa mkataba kama huo thamani. Nyinyi mna karatasi ya Excel na msimamizi mmoja mwenye kazi yake nyingine.

Ukubwa wa hatua unaamua mnada utachukua siku ngapi, na watu wengi hawapigi hesabu hii. Kutoka pointi 1 hadi 20 kwa hatua za asilimia 5 peke yake ni hatua 62. Kila hatua ikipewa saa 24, na watu wakaamua kukawilisha, hiyo ni miezi miwili kwa mchezaji mmoja. Semeni hivi: hatua ya chini ni nusu pointi au asilimia 5, lolote lililo kubwa zaidi. Chini ya pointi 10 mtapanda kwa nusu nusu, hatua 18. Juu yake mtapanda kwa asilimia, hatua 15. Jumla 33, na kwa kweli huwa chache kuliko hizo kwa sababu watu huruka. Saa ianze upya kila dau jipya linapoingia: 24 kwa siku tatu za mwanzo, kisha 12. Isianze upya, watu wote watakaa kimya na kuvamia dakika ya mwisho, na mwenye mtandao mzuri ndiye atakayechukua wachezaji.

Kanuni inayosahauliwa kuliko zote ni hii: dau linaloongoza ni deni, hata kama mnada haujafungwa. Meneja mwenye nafasi ya milioni 18 chini ya kikomo asiongoze kwa 9, kwa 6 na kwa 5 kwa wakati mmoja, kwa maana akishinda zote amefika 20. Atakuambia, "Lakini sitashinda zote." Atashinda. Halafu ataomba aachiwe moja, na aliyekuwa wa pili kwa mchezaji huyo ameshatumia pesa zake kwengine.

Hesabu hiyo ihusishe na nafasi tupu za kikosi. Chukua meneja huyo huyo, milioni 18, nafasi tano tupu. Anaongoza kwa 9 na 6, zimebaki 3. Bado ana nafasi tatu za kujaza, na mshahara wa chini, tukifuata wa MLB wa 2025, ni dola 760,000. Hizo tatu zinahitaji milioni 2.28. Basi kwa kupandisha madau yake amebakiwa na dola 720,000 tu, na nyongeza yoyote inayovuka hapo ni batili tangu ilipoandikwa. Karatasi ya pamoja ioneshe namba hii kwa kila timu, ijazwe upya kila dau linapoingia, na kila mtu aweze kuisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa saa. Andikeni muda wa kufunga kwa namna mbili: "Jumamosi saa tatu usiku (simu inaonesha 21:00)". Mtu anayesoma "saa 3" na kuona 3:00 kwenye simu anaweza kufikiri ni usiku wa manane. Usiku nao uelezwe ni wa kuamkia siku gani. Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana wake, kwa hivyo "usiku wa Ijumaa" ni Alkhamisi baada ya magharibi, na bado wapo wanaosema hivyo. Kama mna meneja aliye Marekani, muda uandikwe kwa saa za Afrika Mashariki, kwa sababu zetu hazibadiliki. New York iko nyuma yetu saa 7 kwenye majira yao ya joto na saa 8 kwenye ya baridi, na wao hurudisha saa nyuma Novemba mwanzoni, karibu siku zile zile usajili unapofunguliwa. Msifunge mnada wakati wa sala ya Ijumaa wala wa magharibi, na Ramadhani sogezeni hadi baada ya tarawehe.

Umeme ukikatika, saa inayohesabika ni ya ujumbe wa kawaida wa simu uliotumwa kwa msimamizi na kwa meneja mmoja mwengine aliyeteuliwa. Wawili, si mmoja. Msimamizi naye ana timu, na hata akiwa mwadilifu namna gani, hafai kuwa shahidi pekee wa dau linalompiga yeye. Kwenye bahasha aweke zake hadharani kabla hajapokea za wengine. Anaumia kidogo, ndiyo, lakini ni bei ya ofisi.

Bahasha zikilingana, asishinde aliyewahi kutuma, maana hapo mnampa ushindi mwenye bando. Ashinde aliyemaliza nafasi ya chini zaidi msimu uliopita, na akishatumia upendeleo huo arudi mwisho wa foleni.

Dau halirudi. Aliyekosea kuandika, milioni 71 badala ya 7.1, ana dakika 15 za kurekebisha kama hakuna aliyepanda juu yake. Kila dau liandikwe kwa mpangilio mmoja: jina la mchezaji, timu, mshahara wa mwaka, miaka, pointi. Pointi zikipingana na mshahara, mshahara ndio unaoshika.

Kupangana kwa siri ni kazi ngumu kuithibitisha. Wamiliki wa timu za MLB wenyewe walipangana kutowania wachezaji huru miaka ya 1985 hadi 1987, wakaishia kulipa dola milioni 280. Marafiki wawili wa maskani moja hawahitaji hata kuandikiana. Kinga iliyo rahisi ni kuzuia mchezaji aliyesajiliwa mapumzikoni asiuzwe wala kubadilishwa kabla ya Juni 15 ya msimu wa mchezo, ili mmoja asimsajili kwa niaba ya mwenziwe. MLB nao hutumia tarehe hiyo, isipokuwa mchezaji akikubali.

Anayeachwa kabla ya mkataba kwisha aache alama. Nusu ya mshahara uliobaki ikae kwenye kikomo kwa miaka ile ile: yule wa milioni 8.4 akiachwa na miaka mitatu mbele, timu inabeba 4.2 kila mwaka. Meneja mpya aliyerithi timu ya mtu aliyekimbia asamehewe mkataba mmoja, autakao, ndani ya siku 7 za kuingia.

Mnada ukifungwa, msimamizi asisogeze siku ya programu hata moja kabla ya kuingiza mikataba yote na kuwaonesha wenye timu picha ya skrini. Kosa la kawaida ni miaka: mtu ameshinda kwa mitatu, ikaandikwa miwili. Siku ikishasogezwa, kurekebisha ni kurudi kwenye faili la akiba, na kila kilichochezwa baada ya hapo kinafutika. Hifadhi nakala mbili kabla ya kubonyeza, moja kwenye kompyuta na moja kwenye flashi.