Mchanga Kwenye Mashua ya Mashindano? Uache Ufukweni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Kisumu na nimeendesha Laser, mashua ndogo ya tanga ya mtu mmoja, yenye tanga dogo liitwalo Radial, kwa miaka mitatu. Nina kilo 68. Dada yangu mdogo, kilo 56, anataka tuanze kushindana pamoja. Kuna mtu anauza 29er iliyotumika na mwingine anauza 420, zote mashua za mashindano za watu wawili, bei zinakaribiana. Upepo wetu wa alasiri unaujua. Nikirudi nyumbani upepo ukiwa nyuma, Laser hunipindua mara mbili au tatu. Fundi mmoja ameniambia 29er ni nyepesi mno kwa ziwa hili, lakini nikiinunua atanitengenezea mahali pa kufungia mifuko miwili ya mchanga chini ya mlingoti, kilo 20 kila mmoja, ili itulie. Pia anasema upepo ukizidi nipunguze mwendo. Ninunue ipi? Na huo mchanga vipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinikuta na brashi ya resini mkononi. Nilipofika kwenye mifuko ya mchanga niliiweka chini, na resini ikagandia koponi. Kwa hiyo tuanze na mchanga. Mashua tutazifikia.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na marehemu babangu alikuwa baharia wa jahazi. Farumi naijua tangu utotoni: mawe na mchanga unaopakiwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, jahazi linaposafiri tupu, lisilazwe na upepo. Jahazi lina tumbo la kina, ni zito, na hakuna aliyelijenga akitarajia liruke juu ya maji. Kulitia farumi ni akili. Lakini 29er haina ngama. Ina sakafu, na sakafu yenyewe imefunguka nyuma ili maji yamwagike. Bodi yake ina kilo 74 hivi. Fundi wako anataka kuiongezea kilo 40, zaidi ya nusu ya uzito wake, na kuziweka mbele, mahali pabaya kuliko pote.

Chukua kalamu. Kinachozuia mashua nyepesi isilale ni uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka mstari wa kati. Ukisimama kwenye ukingo wa 420 umening'inia kwa waya wa trapezi, miguu ukingoni na mwili wote nje, kitovu chako kiko kama mita 1.7 kutoka mstari huo. Kilo 68 mara 1.7 ni karibu 116. Sasa mchanga. Uko sakafuni, katikati kabisa, kwa hiyo mashua ikiwa wima umbali wake ni sifuri. Ikianza kulala utapata sentimita chache. Nikiwa mkarimu nikakupa kumi, kilo 40 mara 0.1 ni 4. Umebeba mifuko miwili kutoka ufukweni, ukavunjika mgongo, ukapata 4. Ukinyoosha magoti vizuri unapata zaidi ya hapo bure.

Na hizo 4 unazilipia ghali. Mashua ya aina hii hupona kwenye upepo mkali kwa kupanda juu ya wimbi lake yenyewe na kuteleza. Ukiizuia isipande, inalima maji kama jembe, na kwa kuwa umeiwekea mzigo chini ya mlingoti, kinachozama kwanza ni omo, yaani pua ya mashua. Ukipinduka, mifuko ikilegea itateleza upande wa chini, na utakapoiinua mashua utaiinua pamoja na mifuko yako.

Haya siyasomi vitabuni. Mwaka juzi niliingiziwa karakanani dingi moja, yaani mashua ndogo ya tanga, ambayo mwenyewe alidai imekuwa na uzembe. Nikagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Nyuma ililia ko, ko, ko. Mbele ikalia du, kama kugonga ukuta wa udongo. Nikakata kidirisha cha upana wa kiganja, nikakuta mchanga uliochanganywa na resini, umejazwa ndani ya chumba cha hewa, chumba kile kinachoifanya mashua ielee ikijaa maji. Ndani ya mchanga huo mlikuwa na makombe madogo ya konokono wa ziwani, yamegandiana kama njugu kwenye kashata. Nilikaa siku nne nikichimba kwa patasi. Aliyefanya kazi hiyo alilipwa.

Sasa hili la kupunguza mwendo. Ndilo linalonikera kuliko mchanga, kwa sababu linasikika kama busara. Linatoka barabarani: matatu ikikimbia ni hatari, ikienda polepole ni salama. Kwenye tanga mambo ni kinyume, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa Laser hiyo hiyo inayokupindua.

Upepo wa noti 18, yaani kilomita 33 hivi kwa saa, uko nyuma yako moja kwa moja. Wimbi limekubeba, unakwenda noti 10. Tanga lako halina habari ya noti 18. Linahisi 8 tu. Halafu unaingiwa na hofu, unasogea mbele ukashike kitu, omo inachoma wimbi lililo mbele, mashua inabaki na noti 4. Ghafla tanga linapigwa na upepo wa noti 14. Tena nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake, hupanda kwa mraba. Nane mara nane ni 64. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196. Umefunga breki ukajiletea nguvu mara tatu ndani ya sekunde mbili. Ndiyo maana unapinduka. Hukupinduliwa na kasi. Ulipinduka kasi ilipokwisha.

Kwa hiyo ukishuka na upepo kuelekea nyumbani, kaa nyuma. Demani, kamba ya kuongozea tanga, usiiachie kupita kiasi hata boriti ya tanga ikapita mbele ya mlingoti, kwa sababu hapo tanga hukusukuma uangukie upande ule ule unakotoka upepo. Vuta mita moja hivi. Kaza kidogo kamba inayoishikilia boriti chini, la sivyo sehemu ya juu ya tanga itajikunja mbele na kuanza kukutikisa kushoto kulia. Ubao wa katikati usiutoe wote, uache nusu yake majini. Upepo wa ghafla ukija, elekeza omo kule upepo unakokwenda ukimbie nao. Na ukitaka kugeuka, upepo ukupite nyuma na tanga livuke upande wa pili, geuka ukiwa unateleza kwenye wimbi kwa kasi yako yote, kwa kuwa hapo tanga ni jepesi kabisa. Wanafunzi wangu wengi husubiri mashua ipoe kwanza. Boriti ikivuka huwa inavuka na upepo wote wa ziwa.

Kanuni hii kwenye 29er huwa kali zaidi. Ukitoka kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, na kuanza kushuka nao, kuna eneo la katikati upepo ukiwa ubavuni, matanga yamejaa na nguvu haina pa kumwagika. Eneo hilo livuke haraka: wawili wote nje na nyuma, demani inaachiwa huku omo inageuzwa kule upepo unakokwenda, bila kusita. Anayesita hapo katikati ndiye anayetupwa mbele ya mlingoti. Nimewahi kuuzunguka mlingoti kwa waya wa trapezi kama mpira wa kamba, najua ladha yake.

Basi, ipi? Zote mbili zinafaa uzito wenu wa kilo 124. Kwa 29er mko mahali pazuri tu, kwa 420 mko upande wa uzito, jambo ambalo kwenye upepo wa alasiri ni faida. 29er ilichorwa na Julian Bethwaite, aliyechora pia 49er iliyoingia Olimpiki mwaka 2000. Ina matanga ya zaidi ya mita za mraba 12 ukipanda upepo, na spinaka, tanga la puto la kushukia na upepo, ya zaidi ya 15. 420 ni ya zamani, Christian Maury aliichora mwishoni mwa miaka ya 1950, mita za mraba 10 na robo kupanda upepo, na spinaka ya 9. Zote zina trapezi moja. Mlingoti wa 29er juu ni laini, hupinda wenyewe upepo ukizidi na kumwaga nguvu, na huo ni uhandisi mtamu sana. Fundi wako angeuelewa asingezungumza habari ya mchanga. Lakini 29er ikisimama haisimami. Ukiiacha bila mwendo inalala kama mlevi.

Hapo ndipo ninapofikiria ziwa letu, siyo ramani ya Ulaya. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, ni ya kina kifupi na imenyooka magharibi hadi mashariki, kwa hiyo upepo wa alasiri kutoka ziwani huja nayo yote na kurundika mawimbi mafupi, yamesimama, yamekaribiana. Halafu kuna gugu maji. Upepo huo huo hulisukuma hadi kwetu. Ubao wa 29er ni wa kuchomeka wima. Ukinasa gugu mashua inasimama ghafla, na nimeshakwambia ikisimama nini kinatokea. Ubao wa 420 huzunguka kwenye msumari wake, unauinua kidogo kwa nyuma, gugu linateleza, unaushusha, safari inaendelea. Ndiyo, 420 ikipinduka huinuka na maji tele na mtatoa jasho kuyamaliza. Bado ningenunua 420, mwende nayo misimu miwili.

Na hili hutalipenda: dada yako ashike usukani, wewe uende kwenye waya. Mzito na mrefu ndiye anayetakiwa nje.

Neno la faraja kwa wanaolinganisha takwimu za pwani na zetu: ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo noti 18 za hapa husukuma tanga kama noti 17 za Mombasa. Binamu zangu huko nyumbani hawataki kulisikia hili.

Sasa turudi kwa mafundi, maana wako wa mchanga ni mmoja tu wa kundi. Wiki hizi nimeonyeshwa Laser iliyotobolewa tumbo ili iwekewe mabawa ya majini ya kuifanya ipae, eti kama Moth, mashua ya mtu mmoja inayopaa juu ya maji. Moth ina urefu wa mita 3.355, bodi na mlingoti vimejengwa kwa kaboni mtu anaweza kuibeba begani, na mbele ina ufito unaogusa maji na kulirekebisha bawa kila wakati isipae ikapitiliza. Mabawa niliyoonyeshwa yalikuwa ya bati na hayakuwa na ufito wowote. Bodi ya Laser ni kilo 59. Nilimuuliza muuzaji kitu gani kitaizuia isitoke majini yote. Akasema uzito wa mwendeshaji. Yule kijana alikuwa ameshatoa nusu ya pesa.

Kuna anayekata mlingoti kwa msumeno ili tanga liwe dogo. Tanga dogo lipo, linauzwa, lina kipande chake cha chini cha mlingoti: Laser yako ya Radial ni mita za mraba 5.76, na lipo la 4.7 kwa siku mbaya. Kitovu cha tanga, pale nguvu ya upepo inapokusanyika, hakipangwi kwa msumeno.

Kuna jaketi za kuokoa maisha zilizoshonwa kwa sponji ya godoro. Kwa macho huwezi kuzitambua. Litie kwenye pipa la maji, lifunge kwa jiwe lizame, liache usiku kucha, asubuhi lipime kwa mkono. Likiwa zito kama blanketi la mvua, limemezwa na maji na litakumeza na wewe. Nafanya jaribio hili kila mwanafunzi mpya anapokuja na jaketi lake, na usinione mkorofi nikikurudisha nyumbani.

Na kila nikisikia mtu anasema mashua nzito haiogopi hali ya hewa, natazama Nandi. Dhoruba zetu mbaya haziji na upepo wa ziwani mliouzoea. Alasiri upepo wa magharibi hukata ghafla, maji yanatulia kama mafuta, na wageni hufurahi wakidhani kumetulia. Huku vilima vya Nandi na vya Kericho vimekuwa vyeusi. Huko mvua ya mawe siyo hadithi. Dakika chache baadaye upepo unakuja kutoka nchi kavu, upande wa mashariki, baridi, na unakusukuma kuingia ziwani badala ya kukuleta ufukweni. Mtu aliyebeba mchanga wakati huo hawezi kukimbia wala kuteleza, na matanga yake yako juu yote. Upepo ukikata kabla ya saa yake na mashariki kumeiva, shusha tanga hapo hapo ulipo, ulifunge, mfuate boti la uokoaji mrudi. Kama hakuna boti la uokoaji majini siku hiyo, hamkupaswa kutoka.

Ile 420, kabla hujatoa shilingi, igonge sakafu yote kwa mpini wa bisibisi kuanzia omo hadi tezi. Ikilia du mahali popote, nipigie simu.