Ubongo wa Baba Umeumia: Namna ya Kuwaeleza Watoto

Mguu ukivunjika, mtoto anaona plasta na kuelewa. Ubongo ukiumia, kidonda cha nje hupona, nywele huota, na mtoto anamwona baba yuleyule. Halafu baba huyo anamfokea kwa sababu kijiko kimeanguka. Mume wangu aliumia kichwa katika ajali ya barabarani, na ushauri wangu wa kwanza kwa aliye katika hali kama yetu ni huu: wape watoto sababu kabla hawajajitungia yao.

Maana watajitungia. Mdogo wetu, akiwa bado chekechea, aliniuliza nikimfunika shuka kama baba aliumia kwa kuwa siku ile yeye alikuwa mtundu. Usingoje uulizwe. Mwambie mwenyewe, tena mara nyingi: si wewe uliyesababisha, haiambukizi, na si kazi yako kumponya.

"Baba anaumwa" haitoshi. Mtoto anajua mafua, yanayoisha baada ya siku chache, basi atakaa akisubiri. Sema ubongo umeumia, kisha eleza umeumia vipi. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ni kama breki: hutuzuia kuropoka kila linalotujia na kulipuka kila tunapoudhika. Ikiumia, hasira hutoka kabla mwenyewe hajaizuia.

Mkubwa wetu, ambaye hadithi za breki zilimchosha mapema, nilimsimulia habari za Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli Marekani ambaye mwaka 1848 chuma kilimpenya fuvu. Alipona, akatembea na kuongea, ila rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Kijana akauliza, "Baadaye ikawaje?" Nilifurahi kuwa na jibu: alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa.

Hata hivyo, usiahidi kwamba baba atarudi kuwa kama zamani. Nafuu kubwa mara nyingi huonekana miezi ya mwanzo, kisha huendelea polepole, pengine kwa miaka. Mtoto akisema anamkumbuka baba wa zamani, mwache alie. Usimwambie ashukuru kwamba baba yuko hai.

Uchovu nao huonekana kama uvivu. Kumsikiliza mtu huku redio inaongea kunaweza kumaliza nguvu zote za ubongo ulioumia. Kwetu baba akiinua kiganja, redio inazimwa na wote tunanyamaza. Alibuni ishara hiyo mwenyewe, na watoto huitii kuliko maneno yangu.

Lakini jeraha lisiwe ruhusa ya kuumiza wengine. Mtoto ajue anaweza kutoka chumbani bila kuomba, na ajue ni mtu mzima gani wa kumkimbilia. Mwalimu wa darasa naye aelezwe, mtoto akijua kwamba umemweleza.