Hazina ya mbinguni mimi nilikutana nayo kwenye gunia la viazi

Mkuu umeuliza vizuri ila na hasira kidogo, kwamba haya maneno ya hazina mbinguni si ni ya kuwatuliza maskini tu huku wachungaji wanabadilisha magari, na mkristo mwenye kodi ya pango na ada atayaishije. La wachungaji siliwezi, wajibu wenyewe. Ila hilo la kuyaishi nina cha kusema maana lilinigusa mfukoni.

Nafanya biashara ya viazi mviringo tangu 2012, natoa Njombe na Makete nashusha soko la Mabibo, Dar. Aliyewahi kufanya hii kazi anaijua lumbesa. Kwa asiyejua, gunia linajazwa mpaka mdomoni alafu linaongezewa kilemba juu kinashonwa, lile la kilo 100 linafika 130 huko na zaidi na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, mzigo usizidi kilo 100, hilo kila mtu analijua, na kila mtu anajua pia kwamba kule shambani saa moja jioni gari linasubiri na wingu limetanda hakuna mwenye mizani. Piga hesabu, gunia 100 kila moja kilo 30 za bure, hizo ni kilo 3,000, yaani gunia 30 hujazilipia. Ndio faida yenyewe hiyo. Dizeli, ushuru, dalali, wapakiaji, wote wanalipwa na kilemba.

Na muda wote huo mimi ni mtu wa kanisa haswa. Fungu la kumi natoa bila kukumbushwa, kamati ya ujenzi nimo, siku ya harambee ya bati nikaahidi milioni 2 na nikamaliza ndani ya miezi mitatu, nikapigiwa makofi na mke wangu akavishwa kitenge. Nikajiona akiba yangu juu imenona kabisa. Kweli tena, haikuwahi kunijia hata siku moja kwamba zile bati zilikuwa viazi vya watu.

Msimu wa 2018 kuna mama mjane kule Makete nilikuwa nanunua kwake, akasimama pembeni anawaangalia vijana wanashona, akaniambia kwa upole tu, "baba, hicho cha juu ndio madaftari ya watoto." Nikacheka nikamwambia mama soko ndivyo lilivyo, nikapanda gari.

Sasa nilikuwa na pagale langu Chanika, nguzo zimesimama, nondo zimetokeza juu zinasubiri hela ya jamvi. Nikaenda kuliangalia baada ya ile safari, nakuta nondo zote zimeshika kutu. Na hapa niwape kichekesho, utotoni Sunday school tukikaririshwa msijiwekee hazina duniani nondo na kutu viharibupo, mimi nilijua ni nondo hizi hizi za ujenzi, nimekuja kujua ukubwani kwamba ni yule mdudu anayekula nguo. Basi nikasimama pale chini ya nguzo nacheka peke yangu kama chizi, alafu kicheko kikaisha ghafla maana nilikumbuka hizo nondo nilizinunua na nini.

Msimu uliofuata nikanunua mizani ya kuning'iniza. Nikaenda kwa yule mama na bahasha, nimepiga hesabu ya kilo zilizozidi kwenye gunia zake 22. Nilitegemea atalia au anibariki, si unajua tena ushuhuda unavyosimuliwaga kanisani. Akahesabu noti mbele yangu taratibu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniuliza "na za mwaka juzi?" Nikakosa cha kujibu. Nikarudi kwenye gari kutafuta. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, mimi hiyo mara moja tu ilinitoa jasho, na wale niliowanunulia kupitia madalali mpaka leo siwajui hata sura.

Hapa sasa ndio watu wa panda mbegu, wale wa toa sadaka Mungu akurudishie mara dufu, mtanichukia. Hela niliyorudisha haikurudi. Mtaji ulishuka, nilikuwa nabeba gunia 140 nikabaki na 60 za kuchangia gari na watu, na pale sokoni gunia lisilo na kilemba wanalitupia bei ya chini kabisa maana wanunuzi nao wanaitaka hiyo hiyo lumbesa. Wenzangu wakaniita mlokole. Mama watoto alinuna miezi na alikuwa na haki yake, nyumba alikuwa anaisubiri yeye, tena mimi sikumshirikisha, hilo kosa nalikubali. Pagale liko vile vile.

Nilichokuja kuelewa ni ile Luka 14, Yesu anasema ukiandaa karamu waite wasio na cha kukulipa, utalipwa kwenye ufufuo wa wenye haki. Yaani heri yenyewe iko hapo hapo kwenye kutolipwa. Mimi nikikaa nasubiri bei ipande ndio nijue kwamba Mungu ameona, basi nimemletea na yeye lumbesa, natoa kidogo nataka anijazie mpaka na kilemba.

Kuhusu utajiri kuwa dhambi, hapana, Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri na kaburi lake ndio alilazwa Bwana. Na usichukue ada ya mtoto ukaipeleka madhabahuni ukasema nawekeza mbinguni, hiyo nimeiona mtaani kwetu na mtoto alirudishwa nyumbani.

Umeuliza pia kama nina amani. Siku zingine ninayo, siku nikipita Chanika naangalia upande wa pili wa barabara. Yule mama bado nanunua kwake. Msimu uliopita alikuja shambani na mjukuu wake wa darasa la sita amsomee mizani, kasema mimi nisimsomee.