Jetski Ikikaba Naivasha, Usikimbilie Kuizika Injini

Msomaji mmoja aliniandikia hivi karibuni: "Fundi, jetski yangu ilikuwa inaruka vizuri Mombasa. Tangu niilete Naivasha inawaka kwa shida, nikikaza mkono wa mafuta inakaba na kuzima. Sasa haiwaki kabisa, na nimeambiwa injini imekufa." Haikuwa imekufa. Imesharudi majini, na ninaandika nikiwa na furaha, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna chombo kimefunikwa turubai mahali fulani, au mnaweka akiba mnunue chenu.

Kabla ya yote nitoe la moyoni. Karakana yangu iko Industrial Area, na maneno ya "fundi wa Nairobi atajua nini kuhusu vyombo vya maji" nimeyasikia sana. Kuna mteja aliniambia hayo mbele ya vijana wangu, akafunga jetski yake kwenye trela akaondoka. Huko alikokwenda akauziwa betri, stata na kabureta, na tatizo likabaki palepale. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu ugonjwa wa chombo kile anaujua vizuri mtu anayefanya kazi huku juu kwenye hewa nyepesi.

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huko ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imepangwa Nyali kule Mombasa haijui kwamba imehama: inamwaga petroli ileile, hewa imepungua, na injini inalishwa kupita kiasi. Ukikaza mkono inakaba. Ikizima, mwenyewe anabonyeza stata tena na tena, petroli inajaa kwenye silinda, plagi zinalowa, betri inalala. Hapo ndipo mtu anatangaza msiba.

Ya huyu msomaji ilihukumiwa kwa geji. Kitabu chake kinataja kompresheni, yaani presha ya silinda inapobana hewa, ya psi 150; geji ikaonyesha 120, wakamwambia ringi za pistoni zimekwisha. Jamani, 150 ile ni ya usawa wa bahari! Geji hiyohiyo, injini hiyohiyo nzima, ukipima Naivasha itasoma karibu 120. Unachotafuta ni silinda zilingane. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, hapo ndipo uanze kuwaza pistoni. Zake zilikuwa sawa kabisa.

Kwa hiyo fungua kiti kwanza, mvuke wa petroli utoke. Usiwashe chochote ukiwa bado unasikia harufu. Hakikisha kamba ya usalama imekaa mahali pake, maana bila hiyo injini haiwaki. Toa plagi uziangalie. Kahawia ni afya. Nyeusi na mbichi ni petroli nyingi. Nyeupe kavu ni petroli kidogo, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inachoma pistoni. Nyaya za plagi zishikize kwenye chuma cha injini, kaza mkono wa mafuta hadi mwisho, zungusha stata kidogo silinda zipumue, kisha weka plagi mpya na betri iliyojaa, volti 12.6 au zaidi.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama: injini ikianza kukaba, vuta kidogo choki, ile inayobana hewa ya kabureta. Ikizidi kukaba, inashiba kupita kiasi. Ikichangamka, ina njaa, na hapo fuata njia ya mafuta kuanzia kwenye tangi. Baadhi ya jetski za miaka ya 1990 zilitoka kiwandani na mipira ya petroli ya kijivu inayooza kwa ndani. Ukifungua kabureta utakuta kichujio kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba, kimegandwa na uchafu wa kijani wenye kunata. Ng'oa mipira yote. Kusafisha kichujio na kuiacha mipira ile ni kujipa kazi ileile mwezi ujao.

Hayo ni ya injini za kabureta. Zile mpya zenye kompyuta hupima hewa zenyewe, na zikikaba zinataka mashine ya kusoma hitilafu.

Ndugu zangu, acheni kununua spea kwa kubahatisha. Pima. Spea uliyofunga hairudishwi dukani, na watoto wako wanahitaji karo. Mwenye chombo asiyetaka kupima anamtajirisha mwenye duka, na mimi nimechoka kuona watu wakiuza jetski nzima kwa bei ya chuma chakavu.

Ya msomaji wetu niliiwekea jeti ndogo, yaani kitundu cha kabureta kinachopima petroli, nikarekebisha skrubu za kabureta robo mzunguko kwa robo, nikaiwasha uani na mpira wa maji: injini kwanza ndipo maji, na wakati wa kuzima unafunga maji kwanza. Chini ya kiti nimembandikia karatasi yenye vipimo vya Naivasha na vya Mombasa, kwa sababu Desemba anaishusha pwani. Kule hewa ni nzito, na mpangilio wa huku utaifanya ikose petroli na kutoboa pistoni. Jeti kubwa inarudishwa kabla chombo hakijagusa maji ya chumvi.